Hakuna Atakayemsindikiza Laban

Bereti ninayo. Iko juu ya friji nyumbani kwetu Al Thumama, hapa Doha, mama ameifunika kwa nailoni isishike vumbi, na mgeni akija lazima aonyeshwe kabla hata hajaulizwa kama anakunywa chai ya maziwa au ya rangi. "Terry wetu ni kadeti," mama husema, na mgeni hutikisa kichwa kwa heshima, akidhani kuna mpaka wa nchi niliowahi kuulinda. Mimi hunyamaza. Nikianza kueleza kwamba mwaka mzima nililinda kengele, mama atanifinya.

Ningeendelea kunyamaza, lakini watu wa ushirika wetu wa Ijumaa wameanza kusema kwamba kijana wa Nahashon alifukuzwa chuoni kwa utovu wa nidhamu. Laban huyo. Mtu aliyekuwa akibisha hodi kwenye mlango wa lifti. Nimewasikia wakimwombea kwa sauti ile ya watu wanaotaka habari zaidi, na nimekasirika, kwa hivyo nitazitoa zote, kisha wachague la kuombea.

Chuo chenyewe sikitaji jina kwa sababu bado nina miaka ya kumaliza pale. Ni jumba la vioo karibu na uwanja wa ndege, na mwenye nacho aliamini kwamba chuo kisicho na jeshi ni tuisheni tu. Akaanzisha Kikosi cha Makadeti. Si jeshi la Qatar, si jeshi la nchi yoyote iliyo kwenye ramani. Tulikuwa na Wakenya, Wahindi, Wafilipino, Wasudani, na tulikuwa tayari kufa kwa ajili ya maegesho ya magari ya wafanyakazi, maana hapo ndipo tulipopigia gwaride. Bunduki zetu zilikuwa za mbao, kazi ya fundi mmoja wa mtaa wa Najma anayetengeneza vitanda. Yangu ilikuwa na tundu la skrubu ya kitanda kwenye kitako. Nikiambiwa nilenge shabaha, nalenga kwa uzalendo wote.

Wa mwaka wa kwanza tuliitwa Vumbi. Vumbi hutembea akikwaruza ukuta, akifika kwenye kona anakata kona kama rula. Vumbi hakanyagi nyasi, ingawa nyasi zetu zilikuwa za plastiki na zilifuliwa kwa mpira wa maji kila Jumapili na Vumbi huyo huyo. Vumbi husugua vyoo, hung'arisha shaba, hupiga kiwi viatu vya wakubwa wake mpaka mkubwa ajione pua. Na Vumbi ana majibu matatu tu duniani: Ndiyo, afande. Hapana, afande. Sina kisingizio, afande. Ukiulizwa mbona umechelewa, na kumbe umechelewa kwa sababu afande huyo huyo alikutuma maji, jibu ni kwamba huna kisingizio. Amri hizi zote zilitolewa kwa Kiingereza na watu waliotuzidi mwaka mmoja, na katikati ya amri ndege inapita juu ikitua, husikii kitu, mdomo wa afande unafunguka na kufungika. Ndege ikishapita unaadhibiwa kwa kutotii.

Mimi niliingia kwa sababu mama, ambaye ni muuguzi na amechoka, alisema nitafunzwa adabu. Laban aliingia kwa sababu hakuwa na mlango mwingine. Kadeti hupewa kitanda bwenini, masomo, na kibali cha kukaa nchini. Ukitolewa kikosini, vyote vinatoka pamoja nawe. Baba yake, Mzee Nahashon, huendesha gari la hoteli moja kule Lusail na hulala kwenye makazi ya kampuni, chumba kimoja na madereva wengine, mahali ambapo hata ndugu yako akija kukuona mnaongelea nje karibu na pipa. Kwa hivyo hesabu ya Laban ilikuwa rahisi: avumilie mpaka siku ya bereti, mwisho wa mwaka wa kwanza. Ukishavaa bereti, ni mitihani pekee inayoweza kukutoa. Kabla ya hapo unatolewa hata na mkunjo wa shuka.

Tulipangwa wawili wawili, na mwenzako aliitwa pacha wako. Mmoja akikosea mnaadhibiwa wote. Jina langu liliposomwa pamoja na la Laban nilimtazama: mrefu, ameinama kidogo kama mtu aliyezoea milango mifupi, anatabasamu. Nikajua nimekwisha.

Si kwamba alikuwa mvivu. Kitanda chake kilitandikwa mpaka ungeogopa kukikalia. Gwaride alilijua kuliko waliotufundisha. Taabu yake ilikuwa nyumbani. Alilelewa na bibi yake huko Kapsabet, na bibi huyo alimfunza vizuri kupita kiasi, na hakumfunza namna ya kuacha. Laban hakuweza kuona mtu anaondoka bila kumsindikiza. Yule mtu wa kuleta maji ya chupa kubwa akishusha maji bwenini, Laban anaweka ufagio chini, anamsindikiza mpaka kwenye lori, anasubiri liwake, anapunga mkono. Kijana wa pikipiki akileta chakula cha maafande, anasindikizwa mpaka kwenye pikipiki. Mimi mwenyewe nilisindikizwa kutoka chumba cha kulia mpaka mlango wa bweni la wasichana kila siku ya Mungu, na tukifika pale anasema, "Haya basi," na hiyo haya basi si kwaheri, ni utangulizi.

"Laban," nilimwambia siku moja, "hapa ni Doha. Mgeni anajua njia. Ana ramani kwenye simu."

"Najua anajua njia," akasema. "Simsindikizi kwa sababu amepotea."

"Kwa nini basi?"

Akafikiri kweli kweli, maana Laban ukimuuliza swali anadhani unataka jibu. "Akiondoka peke yake inakaa kama tumemfukuza."

Basi nikamwacha. Tuliadhibiwa kwa ajili ya mtu wa maji, tukaadhibiwa kwa ajili ya pikipiki. Nilisugua vyoo vingi sana kwa sababu ya ukarimu wa Wanandi wa Kapsabet.

Aliyetuadhibu alikuwa Wesley, mkuu wa kundi letu, mwaka wa pili. Wesley amezaliwa hapa hapa Doha kwa baba na mama Wakenya, na husema Kiswahili hakijui, ingawa ukimsengenya kwa Kiswahili anageuka haraka ajabu. Kila alipomwona Laban akisindikiza mtu alikunja uso kama anayeona kitu cha porini. Sasa mimi mama yake Wesley namjua. Ni Mama Jennifer wa ushirika wetu, na ukienda kwake atakusindikiza mpaka kwenye lifti, ataingia lifti, atashuka nawe mpaka chini, atakufikisha kwenye gari, na ukishafunga mlango atainama dirishani aanze habari mpya ya ndoa ya mtu. Wesley amekulia kwenye dirisha hilo. Lakini akivaa ile kofia alikuwa yatima wa kabila lisilojulikana.

Sasa kengele.

Ilikuwa ya shaba, imening'inia kwenye fremu ya mbao mbele ya ofisi ya kikosi. Tuliambiwa imetoka kwenye manowari iliyozama kwa ushujaa. Mimi niliing'arisha mara nyingi mno, nikaona ndani yake kibandiko cha duka la sokoni hakijabanduka vizuri, lakini Vumbi hana maoni. Kanuni za kengele tulizikariri mpaka ndotoni. Mlinzi wa kengele asiachane nayo kwa sababu yoyote. Kengele ikilia nje ya ratiba, kila kadeti aliyepo, mkubwa kwa mdogo, huacha alichoshika na kupanga safu nyuma yake, na safu hiyo haivunjwi mpaka itolewe amri. Mwenye chuo aliandika hivyo baada ya kutazama filamu, nadhani. Na kulikuwa na desturi isiyoandikwa: makundi mawili ya kikosi yalikuwa yakiibiana ile kengele, na kundi lililoibiwa, maafande wake ndio hufua nguo za maafande wenzao mpaka mwisho wa muhula. Maafande, si Vumbi. Hiyo ndiyo aibu ambayo Wesley aliiogopa kuliko kifo.

Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, zamu ilikuwa yetu, mimi na Laban. Majira yalikuwa ya baridi, baridi ile ya Doha inayomfanya mtu wa Kapsabet acheke. Niliingia ndani kujaza maji, maana mlinzi mmoja akibaki inatosha, na pale pale akaja Kanali.

Kanali alikuwa mzee mstaafu kutoka jeshi la kweli la mbali, chuo kilimwajiri akae kwenye hafla na kuwapa wazazi imani. Goti lake la kulia lilikuwa bovu. Siku hiyo alikuja kuchukua miwani aliyoisahau ofisini, mkononi ana mfuko wa mikate. Laban akampigia saluti. Kanali akasimama kupumzisha goti, akamuuliza anatoka wapi, wakaongea habari za mvua, kwa maana wazee wote duniani wakikutana na mtu kutoka kwenye mvua huuliza mvua. Kisha Kanali akasema haya, naenda.

Ninyi mnaosoma mmeshajua. Laban akampokea mfuko wa mikate. Wakavuka uwanja polepole kwa mwendo wa lile goti mpaka kwenye gari, upande wa pili kabisa, nyuma ya jumba. Alimfungulia mlango, akamkabidhi mikate, akasubiri gari liwake. Akapunga mkono.

Niliporudi na chupa zangu nikakuta fremu tupu. Laban hayupo, kengele haipo. Kwenye madirisha ya kundi la pili watu walikuwa wanacheka mpaka wanashikana. Kisha nikamwona pacha wangu anarudi kutoka upande wa magari, anatembea kwa kukata kona vizuri kama ilivyoamriwa, uso umejaa amani.

"Kengele iko wapi, Laban?"

Akatazama fremu. Akanitazama mimi. Sijawahi kuona mtu akinyauka hivyo amesimama.

"Nilikuwa namsindikiza Kanali," akasema.

Nilimtukana. Sitaandika nilichosema kwa sababu mama atasoma hii. Nilimwambia bereti imebaki mwezi mmoja, mwezi tu, na yeye anaenda kubeba mikate. Alisikiliza yote, kisha akasema pole, kwa sababu mimi pia ningeadhibiwa. Hilo lilinikasirisha zaidi.

Kengele ilirudishwa jioni ile ile, na Wesley alifua. Nilimwona kwa macho yangu kwenye chumba cha mashine akikunja soksi za mtu mwingine, na sitasema haikunifurahisha. Lakini mtu anayefua soksi za adui ana muda wa kufikiri, na Wesley alifikiria baraza la nidhamu. Kuacha lindo ni kosa la kutolewa. Akaandika mashtaka kwa Kiingereza kirefu sana kwa kijana ambaye insha zake nilikuwa namwandikia mimi.

Usiku wa kuamkia baraza singeweza kufika bweni la wavulana, kwa hivyo mpango wangu niliuleta asubuhi kwenye foleni ya uji. Nilikuwa nimeupata, na ulikuwa mzuri.

"Sikiliza," nikamwambia. "Sema Kanali alikuamuru umbebee mfuko. Amri ya Kanali inapita kanuni ya kengele. Wesley ataishia hapo hapo."

"Lakini hakuniamuru, Terry."

"Najua hakukuamuru. Mimi siulizi, ninakwambia useme."

"Yeye mwenyewe atakuwa pale mezani."

"Na yeye atanyamaza. Ana moyo, yule mzee. Laban, baba yako analala na madereva kwenye chumba kama kabati. Utaenda wapi?"

Aliangalia uji wake. "Baba aliniambia nishike sana ninachopewa," akasema. "Alisema nisimwaibishe."

Nikachukua hiyo kuwa ndiyo. Nilikunywa uji wangu wote.

Barazani walikaa watatu: meja mmoja wa kike aitwaye Fiona, aliyekuwa mkuu wa kikosi na mwalimu wa uhasibu siku za kazi, mtu wa ofisi ya wanafunzi aliyekuwa anatazama simu, na Kanali katikati na miwani yake. Wesley alisimama kando na karatasi. Mimi kama pacha nilisimama nyuma ya Laban, mguu sawa, marufuku kusema. Wesley akasoma. Alisoma "kuacha lindo mbele ya adui." Adui ni kundi la pili, wale wa soksi.

"Kwa nini uliacha lindo?" Meja Fiona akauliza.

"Sina kisingizio, afande."

Alimuuliza tena, safari hii polepole, kama mwalimu anayemwonyesha mtoto jibu liko wapi. Laban hakuwa na kisingizio. Nilitamani kumkanyaga kisigino.

Hapo Kanali akavua miwani. Alikuwa amekaa muda wote akiwa na uso wa mtu anayeumwa jino, na nikajua anatafuta njia, na nikajua ameipata, na ilikuwa ile ile niliyoipata mimi kwenye uji.

"Kadeti," akasema, "nilikuwa na mzigo, na goti langu unalijua. Fikiri kabla ya kujibu. Je, nilikuamuru unifikishe garini?"

Ndege ilipita na kila mtu akasubiri iishe. Mlango umefunguliwa, umeshikiliwa na mzee mwenyewe, kilichobaki ni maneno mawili, na moja kati ya hayo ni afande.

"Hapana, afande," Laban akasema.

Kanali aliinamisha kichwa.

"Mgeni haamuru kusindikizwa, afande," Laban akaongeza, taratibu, kana kwamba anamweleza mtu wa mbali desturi ya kwao. Hilo halikuwa kwenye yale majibu matatu. Wesley akaliandika kuwa kosa la pili.

Walimtoa. Meja Fiona alisoma uamuzi haraka bila kututazama, nadhani naye hakuupenda, lakini kanuni ziliandikwa na mwenye chuo na mwenye chuo ndiye hulipa. Mimi nilipewa vyoo mpaka siku ya bereti. Nje ya mlango nilimshika Laban shati.

"Wewe ni mjinga," nikamwambia. "Mzee alikupa. Alikupa mkononi."

"Alinipa," akakubali. "Lakini ingebidi na yeye aseme uongo, Terry. Mtu mzima vile."

Nilikaa kwenye ngazi nikalia kama mtoto, na yeye, aliyefukuzwa, akasimama kando yangu kunisubiri nimalize ili anisindikize bwenini.

Aliondoka Jumamosi iliyofuata. Tikiti ilikuwa ya jioni, kwenda Nairobi. Asubuhi Wesley alitupanga Vumbi wote akasoma agizo: kadeti aliyetolewa huondoka peke yake, kwa miguu, kutoka bwenini hadi lango, bila kuongeleshwa na mtu. "Hakuna atakayemsindikiza," akasema, na neno hilo moja alilisema kwa Kiswahili. Nilimwangalia. Kumbe analo.

Alasiri nilikuwa kwenye kengele, zamu yangu, peke yangu kwa kuwa pacha sina tena. Nje ya lango niliona gari jeusi la hoteli limeegeshwa, na Mzee Nahashon amesimama kando yake kwa suti ya kazi, mikono nyuma. Walinzi hawakumruhusu kuingia. Uwanja wetu ni mpana, na jua lilikuwa bado liko juu. Kisha mlango wa bweni ukafunguka, Laban akatoka na begi moja na blanketi aliloshonewa na bibi yake. Alisimama pale kizingitini. Aligeuka kuangalia nyuma kama kuna mtu anakuja. Hakukuwa na mtu. Akaanza kutembea akikwaruza ukuta, kwa sababu alikuwa bado anatii, Mungu wangu, amefukuzwa na bado hakanyagi nyasi za plastiki.

Hapo nikasikia maneno yake: inakaa kama tumemfukuza.

Mlinzi wa kengele asiachane nayo kwa sababu yoyote. Sawa. Nikaitoa kwenye ndoano. Ina uzito wa mtungi mdogo wa gesi, na ukiibeba kifuani ulimi wake unagonga kila hatua, hata uitulize vipi. Nami sikujisumbua kuituliza.

Nilimfikia katikati ya uwanja. "Terry, rudi," akanong'ona. "Watakutoa."

"Mimi simsindikizi mtu," nikamwambia. "Nahamisha kengele. Wewe tembea."

Ikawa inalia. Nje ya ratiba. Nyuma yetu nikasikia mlango, kisha milango, kisha viatu. Kila kadeti aliyepo, mkubwa kwa mdogo. Walitoka mabwenini, walitoka jikoni na miiko, walitoka kundi la kwanza na kundi la pili, mmoja ana soksi za kufua mkononi. Hakuna aliyejua kuna nini, walijua kanuni tu: acha ulichoshika, panga safu nyuma ya kengele. Na kengele ilikuwa inatembea, kwa hivyo safu nayo ikatembea. Wesley alikuja mbio upande mmoja wa uso umenyolewa na mwingine una povu, akafungua mdomo kuamuru safu ivunjwe, na ndege ikapita. Sijawahi kuipenda ndege ya abiria kama siku ile. Ilipokwisha, Meja Fiona na Kanali walikuwa wameshatoka ofisini na wanatazama, na Meja Fiona hakusema neno. Mbele yake Wesley hawezi kutoa amri. Akaingia kwenye safu.

Tukamsindikiza Laban. Kikosi kizima, kwa hatua, wanafunzi wa mataifa mengi na bunduki za vitanda, nyuma ya kijana mwenye blanketi. Kanali alikuja mwisho kabisa, nje ya safu, na lile goti.

Langoni Laban akampa baba yake begi. Mzee Nahashon alitutazama wote, akatazama povu la Wesley, akavua kofia yake ya dereva. "Hawa wote ni wenzako?" akamuuliza mwanawe.

"Ndiyo, baba."

Mzee akatikisa kichwa. Alikuwa amekuja amekaza uso, na sasa ulikuwa unamlegea. Laban akanishika mkono, akasema, "Haya basi, Terry," na kwa mara ya kwanza hakukuwa na habari baada yake. Akainua sauti kidogo kwa wengine. "Asanteni kwa kunifikisha. Inatosha. Sasa rudini."

Hakuna aliyerudi. Haikuwa amri. Safu nyuma ya kengele haivunjwi mpaka itolewe amri, na mwenye cheo hakutaka kuitoa. Tulisimama pale, sisi na yeye, na ndege ya jioni haisubiri. Nilimwona Laban anaelewa. Vumbi haruhusiwi kuamuru hata paka, lakini yeye Vumbi hakuwa tena. Akaweka blanketi juu ya gari. Akanyooka, akaacha kuinama, sikujua alikuwa mrefu hivyo.

"Kikosi!" akaita, sauti ambayo hatukuwahi kuisikia. "Mguu sawa. Nyuma... geuka!"

Tukageuka. Viatu vyote kwa mpigo mmoja, kundi la kwanza, kundi la pili, Wesley na povu lake. Kanali naye, aliyekuwa nyuma yetu, sasa tukawa tunatazamana naye, na alikuwa amepiga saluti juu ya vichwa vyetu, kuelekea langoni.

"Mbele tembea."

Tukatembea kurudi na kengele inalia kifuani mwangu. Kwenye safu huangalii nyuma, kwa hivyo sikumwona akiingia garini. Nilisikia mlango ukifungwa, kisha injini ikiwaka.